Kwenye mita maji ni salama, jikoni yana vimelea: tatizo liko wapi? (Dar, tangi la chini na simtanki)

Mpangaji_Tabata

Wakuu, habari za saa hizi. Naomba msaada wa wenye utaalamu wa maji na mafundi bomba.

Nyumba ina kaya sita, iko Tabata. Maji ya bomba yanakuja kwa mgao, mara mbili kwa wiki. Mpangilio ni huu: bomba la mtaani, mita, tangi la chini la zege lita 10,000, pampu, simtanki la lita 2,000 juu ya mnara, halafu mabomba ya ndani. Maabara imepima sampuli mbili za siku moja, majibu haya hapa:

Kwenye mita, maji yakiwa yametoka kwa saa nzima: klorini huru (ile ambayo bado ina nguvu ya kuua vimelea) 0.4 mg/l, tope 2 NTU (kipimo cha tope la maji), E. coli (bakteria wa kinyesi) 0 kwa ml 100.

Bomba la jikoni: klorini huru 0, tope 6 NTU, E. coli 14 kwa ml 100.

Chumvi zilizoyeyuka (TDS) ni karibu 150 mg/l kote kuwili.

Wakati huohuo kuna muuzaji wa mashine za kuchuja anazunguka mtaani. Anatumbukiza kifaa chenye vyuma vya umeme kwenye glasi mbili. Ya maji ya bomba inageuka kahawia na utando mzito juu, ya maji ya mashine yake inabaki nyeupe. Wapangaji wameshtuka, wanataka kuchanga wanunue mashine.

Maswali matatu. Ile rangi ya kahawia ni uchafu kweli? Vimelea vinaingilia wapi, maana kwenye mita havipo? Na kazi ianzie wapi, kabla hatujatoa hela?

---

MpimaMaji

Mkuu, umefanya jambo ambalo wengi hawafanyi: umepima sehemu mbili siku moja. Sampuli ya jikoni peke yake ingewafanya mlaumu bomba la mtaani.

Nianze na glasi ya kahawia, maana hapo ndipo hela zenu zitakapopotea. Vile vyuma, kimoja wapo ni cha chuma cha kawaida. Umeme ukipita kwenye maji yenye chumvi kidogo, chuma kinayeyuka na kuwa kutu. Kutu hiyo imetoka kwenye kifaa chenyewe, maji hayakuwa nayo. Maji ya mashine yake ni ya RO, yaani yamesukumwa kupita kwenye utando unaoondoa chumvi karibu zote, umeme haupiti, ndiyo maana hayabadiliki. Akija tena, mwambieni atie chumvi ya mezani ya kubana kwa vidole viwili kwenye glasi yake "safi", arudie. Itageuka kahawia mbele ya macho yenu. Kifaa hicho hakioni kimelea hata kimoja.

Kalamu ya TDS nayo haioni vimelea. Inapima chumvi na madini yaliyoyeyuka, basi. Maji yenye TDS 150 yanaweza kuwa na kipindupindu, na maji ya kisima yenye TDS 900 yanaweza yasiwe na kimelea chochote. Naomba wapangaji wote waelezwe hili, kwa sababu watu wanapima 150, wanafurahi, wanampa mtoto bila kuchemsha.

Sasa majibu yako. Kipimo cha maji ya kunywa kwa E. coli ni sifuri katika ml 100. Kumi na nne maana yake kinyesi, cha mtu au cha mnyama, kimefika ndani ya maji, na si zamani. E. coli nyingi zenyewe hazina madhara makubwa, ila njia iliyowaleta inaweza kuleta pia homa ya matumbo, kuhara damu, homa ya ini aina ya A na kipindupindu. Dar tuliuona mlipuko wa kipindupindu ulioanza Agosti 2015, si jambo la kusoma vitabuni tu.

Klorini huru ndiyo inayoeleza hadithi nzima hapa. Sehemu kubwa ya maji ya jiji inatoka Mto Ruvu. Mtambo wa Ruvu Juu uko Mlandizi na unasukuma maji hadi matangi ya Kimara, wa Ruvu Chini uko upande wa Bagamoyo na unasukuma hadi matangi ya Chuo Kikuu. Mtambo wa Mtoni unachota maji ya Mto Kizinga na ni mdogo. Tope linagandishwa kwa dawa, linatuama, maji yanapita kwenye mchanga, mwisho yanatiwa klorini, na kiasi fulani cha klorini kinaachwa kwa makusudi ili kilinde maji njiani. Bombani kwa mteja inatakiwa ibaki angalau 0.2 mg/l. Wewe ulikuwa na 0.4 kwenye mita, ni nzuri. Jikoni sifuri. Kwa hiyo kati ya mita na jikoni kuna kitu kimeila hiyo klorini yote, na tope limepanda mara tatu. Kitu hicho kiko ndani ya uzio wenu.

Usidanganyike na TDS kuwa sawa kote kuwili ukadhani hakuna kinachovuja kuingia. Piga hesabu. E. coli 14 kwa ml 100 katika tangi la lita 10,000 ni jumla ya vimelea milioni 1.4. Maji taka ghafi yana milioni moja au zaidi kwa kila ml 100. Ina maana chini ya glasi moja ya maji ya chemba inatosha kuleta jibu lako. Na hata kama maji ya nje yenye TDS 1,000 yangechangia asilimia moja nzima ya tangi, TDS ingepanda kutoka 150 hadi 158 au 159. Kalamu haiwezi kukuonyesha tofauti hiyo kwa uhakika.

Swali moja kabla sijaendelea: aliyechukua sampuli ya jikoni alifuta mdomo wa bomba kwa spiriti au kuupitishia moto, akaacha maji yatiririke dakika mbili tatu? Bomba lenye kichujio kidogo cha kufunguliwa mdomoni hushika uchafu na linaweza kuharibu jibu peke yake. Klorini sifuri na tope 6 hazisababishwi na hilo, lakini idadi ya E. coli inaweza kupotoshwa.

---

Fundi_Segerea

Mtaalamu hapo juu amemaliza upande wa namba. Mimi niseme pa kuangalia kwa macho na mikono.

Tangi la chini la zege ndilo mshukiwa wa kwanza, na ndani ya hilo tangi, mfuniko ndio wa kwanza kabisa. Matangi mengi ya nyumba za kupanga mfuniko umelingana na ardhi. Mvua ikinyesha, maji ya uani yanatiririka na kuingia pembeni, yakiwa na kinyesi cha kuku, paka na panya, na maji ya kufulia. Mdomo wa tangi unatakiwa uinuke angalau sentimita 15 kutoka usawa wa uwanja, na mfuniko uwe wa kuvaa kwa nje, kama mfuniko wa sufuria, si wa kulala ndani ya shimo.

Cha pili, bomba la kumwagia maji yakizidi. Fuateni linaishia wapi. Likiwa limeelekezwa kwenye mtaro au kwenye chemba, ni mlango wa panya na mende, na siku mtaro ukifurika maji yanarudi ndani. Likatwe, liishie hewani juu ya ardhi, lifungwe wavu wa mbu. Bomba la kupumulia vilevile, ligeuzwe mdomo chini na wavu.

Cha tatu, umbali na kimo cha chemba au shimo la choo. Tangi likiwa chini ya usawa wa chemba na karibu nayo, nyufa ndogo zinatosha. Watu hujibu "lakini tangi halipungui maji, kwa hiyo halivuji". Halipungui likiwa limejaa, pengine kwa sababu maji ya ardhini yamelizunguka kwa usawa uleule! Hatari inakuja likiwa nusu tupu siku za mgao, maji ya nje yanakuwa juu kuliko ya ndani, na msukumo unaelekea ndani. Masika na vuli hali ni mbaya zaidi kwa sababu maji ya ardhini yamepanda.

Namna ya kupima. Jazeni tangi, fungeni valvu ya kuingizia, zimeni pampu, wekeni alama ya usawa kwa chaki, rudini baada ya saa 24. Likishuka, lina ufa. Hilo ni jaribio la kwanza. La pili ni la maana zaidi: litoeni maji yote, likaushwe kwa matambara, liachwe usiku mzima likiwa limefunikwa. Asubuhi mulikeni kwa tochi kuta na sakafu. Pakiwa na doa bichi, au uzi wa maji kwenye kona ya sakafu na ukuta, hapo ndipo maji ya nje yanapoingilia. Kona hiyo ndiyo hupasuka kwanza kwa sababu mafundi wengi humwaga sakafu siku moja na kupandisha ukuta siku nyingine bila kuunganisha vizuri. Kutaka uhakika zaidi, rangi ya kufuatilia maji ikimwagwa kwenye chemba na kuonekana ndani ya tangi, kesi imeisha.

Ufa mdogo unachimbwa kwa upana wa kidole, unasafishwa, unazibwa kwa saruji yenye dawa ya kuzuia maji inayoruhusiwa kwa maji ya kunywa. Kupaka nta au lami ya kuezekea ndani ya tangi la kunywa hapana. Kukiwa na nyufa nyingi, ushauri wangu ni kuacha tangi hilo litumike kwa kufulia na choo tu, maji ya kunywa yaingie moja kwa moja kwenye tangi la plastiki lililo juu ya ardhi.

Simtanki nalo liangalieni: mfuniko umefungwa kwa skrubu au umewekewa tofali? Plastiki haijachakaa ikapitisha mwanga? Mwanga ukipita, mwani wa kijani unaota na unakula klorini. Bomba la kutolea liwe sentimita 5 hadi 10 juu ya sakafu ya tangi ili msivute tope, na pawe na koki ya chini kabisa ya kumwagia tope peke yake.

---

Mzee_wa_Kinyerezi

Haya yote ya nini? Chemsheni maji ya kunywa mambo yaishe. Tumekunywa hivyo miaka yote.

---

MpimaMaji

Mzee wangu, shikamoo. Kuchemsha ni sahihi, na kwa nyumba hii waanze leo bila kusubiri fundi. Maji yafike kuchemka kwa nguvu, mapovu makubwa yakivuruga maji yote, kwa dakika moja. Sehemu za juu sana, zaidi ya mita 2,000, dakika tatu. Hakuna haja ya kuchemsha dakika ishirini, ni kumaliza mkaa na gesi bure.

Tatizo ni baada ya jiko kuzimwa. Maji yaliyochemshwa hayana klorini, hayana ulinzi wowote. Yakimiminwa kwenye ndoo pana na watu wakachota kwa kikombe, mikono inarudisha vimelea saa hiyohiyo. Yakae kwenye dumu lenye shingo nyembamba au ndoo yenye koki na mfuniko. Halafu kuna kuswaki, kuosha matunda, kachumbari, barafu na juisi, kote huko watu hutumia maji ya bomba moja kwa moja. Kwa kaya sita, kurekebisha tangi kunalinda yote hayo kwa mpigo.

Na kuchemsha hakuondoi chumvi, naitreti, floraidi wala madini ya risasi. Maji yanapungua, vitu hivyo vinabaki, kwa hiyo vinakuwa vizito zaidi.

---

Mpangaji_Tabata

Asanteni sana wakuu. Tumekagua: mfuniko wa tangi la chini umelingana na uwanja kweli, na bomba la kumwagia limeingia mtaroni. Chini kuna tope kama sentimita nne. Sampuli ya jikoni ilichukuliwa na mtu wa maabara, bomba lilipitishiwa moto.

Fundi anaanza kuinua mdomo wa tangi. Naomba sasa maelekezo ya kuosha na kutia klorini, na kipimo kamili kwa matangi yote mawili. Dukani kuna klorini ya unga imeandikwa 65%, na ya maji ya kufulia nguo imeandikwa 3.5%. Na vidonge vya bwawa la kuogelea tumeambiwa ni vilevile.

---

MpimaMaji

Vidonge vya bwawa acheni. Vingi vimechanganywa na kiimarishi cha kuzuia klorini isiharibiwe na jua, si vya tangi la kunywa. Klorini ya unga 65% inafaa. Ya maji 3.5% inafaa ikiwa haina manukato wala sabuni ndani yake, na tarehe yake iwe ya karibuni, kwa sababu kwenye joto la Dar inapoteza nguvu hata chupa ikiwa haijafunguliwa. Unga nao ukiachwa kopo wazi unapungua nguvu na kushika unyevu.

Usalama kwanza, nawasihi. Tangi la chini ni shimo lenye hewa finyu. Funueni saa nzima kabla ya mtu kuingia, asiingie mtu peke yake, mwingine asimame juu akimwona muda wote. Pampu ya petroli isiwekwe ndani wala mdomoni mwa tangi, moshi wake unaua kimya. Unga utiwe kwenye ndoo yenye maji, kamwe usimwage maji juu ya unga. Na klorini isikutane na dawa ya choo yenye asidi, inatoa gesi ya sumu papo hapo. Glavu, miwani, na kitambaa cha pua havitoshi kwa gesi hiyo, kwa hiyo msijaribu.

Toeni maji na tope lote, sugueni kuta na sakafu kwa brashi ngumu na maji matupu. Sabuni huacha mabaki. Suuzeni, toeni maji machafu.

Kujaza tangi la lita 10,000 maji yenye dawa kisha kuyamwaga, katika mgao wa mara mbili kwa wiki, ni kazi ya uchungu. Kuna njia nyingine inayokubalika: kupaka kuta. Tengenezeni maji yenye klorini 200 mg/l. Kwa ndoo ya lita 20 ni gramu 6 za unga wa 65%, au ml 115 za ile ya 3.5%. Lowanisheni kuta zote, sakafu, sehemu ya ndani ya mfuniko na bomba la kuingizia kwa brashi au bomba la kunyunyizia, zikae mbichi kwa nusu saa, kisha suuzeni na kutoa. Ndoo tano zinatosha tangi la ukubwa huo. Anayepaka afanyie kazi juu kadiri iwezekanavyo, akiingia asikae ndani kwa muda mrefu.

Simtanki, kwa kuwa ni la lita 2,000 na mabomba ya ndani nayo yanahitaji dawa, jazeni. Lengo ni 50 mg/l: gramu 154 za unga wa 65%, au lita 2.9 za ile ya 3.5%. Unga ukorogwe kwanza kwenye ndoo, uachwe dakika kumi utuame, mimineni maji ya juu tu, yale mashapo meupe ya chini yabaki. Fungueni kila bomba la nyumba, moja moja, kuanzia la mbali kabisa, mpaka mnuse klorini, kisha fungeni. Acheni saa 12, usiku mzima, na kila kaya iwe imeambiwa na imebandikiwa karatasi kwamba maji hayo hayanywewi, haogi mtoto. Asubuhi mwageni. Yasiende yote kwenye chemba, yataua bakteria wanaomeng'enya uchafu humo, wala yasiende kwenye bustani. Yaachwe juani kwenye mapipa siku moja mbili, au yamwagwe kidogo kidogo.

Jazeni upya maji ya mgao. Hapo ndipo watu huishia, na ndipo kosa lilipo, kwa sababu klorini ya 0.4 haitakaa siku nne za mgao hata tangi likiwa jipya. Ni lazima muwe mnaongezea. Kiasi gani? Maji hutofautiana, kwa hiyo jaribuni kwa ndoo.

Tengenezeni kwanza dawa ya asilimia 1: gramu 15 za unga wa 65% kwenye lita moja ya maji, au ml 285 za ile ya 3.5% ukijazia maji hadi lita moja. Chukueni ndoo nne za lita 20 za maji ya tangini. Kwa bomba la sindano lisilo na sindano, tieni ml 1, 2, 3 na 4. Hizo ni 0.5, 1, 1.5 na 2 mg/l. Korogeni, funikeni, subirini dakika 30, pimeni klorini huru. Ndoo itakayosomeka karibu na 0.5 ndiyo kipimo chenu. Ikiwa ni ile ya ml 2, basi simtanki lenu la lita 2,000 linahitaji ml 200 za dawa hiyo kila linapojazwa upya. Ndoo zote nne zikisoma sifuri, tangi bado lina uchafu, msiongeze dawa kwa hasira, rudini kwenye brashi.

Kipimo kiwe cha DPD namba 1, kinachotoa rangi ya waridi, kwa sababu kinapima klorini huru. Kile cha matone ya njano cha mabwawa kinajumlisha na klorini iliyokwisha kufungwa na uchafu, kitawaambia mna ulinzi wakati hamna. Someni rangi mara moja, ndani ya dakika moja, kivulini. Klorini isizidi 5 mg/l, na kwa ladha watu hulalamika mapema kabla ya kufika huko.

Kwa kaya isiyotaka kusubiri nyumba nzima: vidonge vya kutibu maji vya mg 67, kimoja kwa lita 20 za maji meupe, nusu saa. Maji yakiwa na tope, yachujwe kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, kisha viwili.

---

Dada_Likoni

Naongeza kutoka Mombasa, maana nyumba nyingi huku na huko Dar huchanganya: bomba likikauka, boza linaitwa au pampu ya kisima inafunguliwa, vyote vinaingia tangi moja. Vipimo vya klorini vyote vinavurugika hapo.

Boza likija, pimeni klorini kabla dereva hajafungua mpira. Isipofika 0.5, muulizeni maji ametoa wapi, na tieni dawa wenyewe. Mpira wenyewe muutazame, umeburuzwa chini mtaa mzima, ncha ioshwe.

Kisima kilicho kwenye mwamba wa matumbawe, ile sheria ya kukaa mita 30 kutoka shimo la choo haitoshi. Mchanga huchuja maji yanapopita, mwamba wa matumbawe una mianya, maji ya choo yanapita kama kwenye bomba. Hali hii iko Mombasa kisiwani, Unguja, na pwani ya Dar upande wa Msasani na sehemu za Kigamboni. Visima vifupi vya mjini pimeni pia naitreti. Ikizidi 50 mg/l, mtoto mchanga anayetengenezewa maziwa ya kopo kwa maji hayo anaweza kugeuka rangi ya bluu midomoni na vidoleni kwa kukosa oksijeni katika damu. Na kama nilivyosoma hapo juu, kuchemsha kunaizidisha. Mama wa mtoto wa chini ya miezi sita atafutiwe maji mengine kabisa.

---

Njiro_Arusha

Na kwa wanaosoma uzi huu wakiwa Arusha, Meru au Nakuru: msichukue ushauri wa klorini mkadhani mmemaliza. Huku tatizo ni floraidi inayotoka kwenye miamba ya volkano. Maji yanaweza kuwa meupe, matamu, E. coli sifuri, na bado mtoto akaota meno ya kahawia, na kwa viwango vikubwa mifupa ikapinda. Kikomo ni 1.5 mg/l. Klorini haigusi floraidi, chungu cha kuchujia hakigusi, kuchemsha kunaongeza. Kinachoondoa ni mkaa wa mifupa uliochomwa vizuri na kubadilishwa kwa wakati, au hiyo mashine ya RO. Kwa hiyo huku RO ina kazi yake ya kweli. Kwa maji ya Ruvu yenye TDS 150 na tatizo la mfuniko wa tangi, sioni inatibu nini.

---

Fundi_Segerea

Hapo kwenye RO niongeze la ufundi kwa wapangaji wanaotaka kuchanga. Ile mashine inataka msukumo wa baa tatu hadi nne. Simtanki la mnara wa mita sita linatoa baa 0.6, kwa hiyo pampu nyingine ni lazima, na umeme ukikatika hakuna maji. Kila lita moja safi inamwaga lita mbili hadi nne, za mgao mliosubiri siku tatu. Kichujio cha mkaa kilicho mbele yake kinaondoa klorini ili isiharibu utando, maana yake maji yanayotoka hayana ulinzi, na tangi dogo la chini ya sinki lisiposafishwa vimelea vinaota humo. Kichujio cha chungu cha mishumaa kinatosha kaya moja kama nyongeza: kinasuguliwa kwa brashi laini bila sabuni, kikipata ufa kinatupwa siku hiyohiyo. Kinazuia bakteria, virusi vinapita, kwa hiyo klorini inabaki palepale.

La mwisho ni kwenye bomba la mtaani, maana mita yenu ilipimwa baada ya saa nzima na mwanzoni hali ni nyingine. Mgao ukikatwa, bomba linabaki tupu, msukumo sifuri. Kila palipopasuka, hasa pale bomba linapopita ndani ya mtaro, maji ya mtaro yanaingia. Mgao ukirudi, yale yanasukumwa mbele, na ndiyo hayo ya kwanza kutoka, yenye rangi na harufu. Wekeni koki ya kumwagia kabla ya tangi. Dakika kumi hadi ishirini za kwanza yaende kwenye ndoo za choo na kudekia. Yakiwa meupe na DPD ikionyesha waridi, ndipo mfungulie tangi. Floti (koki ya boya ya kuingizia maji tangini) ikiachwa wazi muda wote, maji hayo mabaya ndiyo yanayoingia usiku mkiwa mmelala.

Na kama kuna jirani amefunga pampu moja kwa moja kwenye bomba la mtaa, mwambieni kwa heshima, asipoelewa mpelekeni serikali ya mtaa na mamlaka ya maji. Pampu ile inavuta hata bomba likiwa tupu, inanyonya uchafu kupitia nyufa za mtaa mzima. Pampu inatakiwa ivute kutoka kwenye tangi lake, na laini ya kuingia iwe na valvu ya njia moja. Mpira wa uani pia usiachwe umezama ndani ya ndoo ya kufulia huku koki iko wazi. Bomba likikosa msukumo, maji ya sabuni yanarudi nyuma.

---

Mpangaji_Tabata

Nimeelewa. Swali la mwisho: tukimaliza, sampuli ya kurudia ichukuliwe lini, na wapi?

---

MpimaMaji

Si siku mnayomaliza, dawa nyingi ya usafi itawapa sifuri ya uongo. Subirini hadi mgao wa pili baada ya kusafisha, kisha chukueni sampuli siku ya mwisho kabla ya mgao unaofuata, tangi likiwa limeshuka. Hapo ndipo nyufa na tope hujitokeza. Sehemu nne: mita, tangi la chini, koki ya simtanki, jikoni. Kama hela inabana, pimeni klorini sehemu zote nne kwa DPD na E. coli jikoni na tangi la chini tu.

Chupa iwe ya maabara, iliyotakaswa na yenye thayosalfeti ndani. Hiyo inazima klorini papo hapo, vinginevyo inaendelea kuua vimelea njiani na jibu linakuja zuri kuliko hali halisi. Chupa isioshwe, isisuuzwe, mfuniko usiwekwe chini, acheni nafasi ya vidole viwili juu. Iingie kwenye boksi la barafu na ifike maabara ndani ya saa sita, isipite 24. Maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji inapokea sampuli za watu binafsi. Pigeni simu kwanza mkachukue chupa zao, na mwulize siku gani wanapokea vipimo vya bakteria, kwa sababu sampuli inayofika Ijumaa jioni inaweza kulala hadi Jumatatu.